Sauti ya Mtoto Isifungiwe Kabatini
Hotuba ya mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu kwa walimu wakuu, wazazi na maafisa elimu, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, maafisa elimu wa wilaya na kata, walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanangu mliokaa kwenye mkeka wa mbele: wakubwa zangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa kitengo. Kwa asiyefahamu, kitengo ni yale madarasa mawili matatu ndani ya shule ya msingi ya kawaida ambamo tunawafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, na mara nyingine viziwi na wenye uoni hafifu, huku tukiwaandaa kukaa na wenzao katika madarasa mengine. Nimeombwa nizungumzie vishikwambi. Nitasema niliyoyaona darasani. Majina ya watoto sitayataja. Wazazi wao wamenipa ruhusa nisimulie, majina yabaki nyumbani.

Naanza na kijana wangu mmoja. Ana mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kinachosemwa, lakini misuli ya mdomo na ya mikono haimtii. Alipokuja kwetu alikuwa na miaka 9, na hajawahi kutamka neno likaeleweka nje ya nyumba yao. Tulipopata kishikwambi nikaweka programu ya mawasiliano, ile ambayo mtoto anagusa picha na sauti inasema. Programu za namna hiyo zipo za bure, na picha pia zipo. Mimi natumia za ARASAAC, zinazotolewa bila malipo na serikali ya jimbo la Aragón kule Hispania, kwa sharti kwamba usizifanyie biashara.

Nikampangia picha: maji, chakula, choo, nimechoka, naumwa. Wiki mbili nikakaa naye kila asubuhi. Hakugusa. Nikaandika kwenye daftari langu la maendeleo kwamba mtoto huyu bado hajafikia hatua hiyo. Aliyenizindua ni mama yake, siku alipokuja kumchukua. Akaviangalia vile vipicha, akaniambia: "Mwalimu, maji na choo mbona mimi najua tu akitaka, namsoma usoni. Mpe ya kusema ambayo sisi hatuyajui."

Wazazi, sentensi ile imenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Tukamwita kaka yake, mwenye miaka 12, tukakaa watatu tukamwuliza yule kijana kwa kukubali na kukataa kwa macho: unataka uweze kusema nini? Ikachukua siku tatu. Tukatoka na "sitaki". Tukatoka na "bado sijamaliza". Tukatoka na "niacheni nifanye mwenyewe". Tukatoka na "Wagosi", jina la utani la timu yetu ya mpira, Coastal Union, maana baba yake husikiliza redio wakicheza uwanja wa Mkwakwani na yeye anakaa pembeni yake, na kwa miaka yote hiyo hakuwa na namna ya kushangilia kwa neno. Sauti tukamrekodi kaka yake. Kwa hiyo kishikwambi kile kikisema, kinasema kwa sauti ya mtoto wa kiume wa Tanga, wa rika lake, na lafudhi ya kwao.

Neno la kwanza aliloligusa bila kuombwa lilikuwa "sitaki". Uji ulikuwa unaletwa. Akaligusa tena na tena mpaka mpishi akasimama katikati ya darasa na kikombe mkononi, hajui aende wapi. Watoto wakacheka, na yeye akacheka mpaka kichwa kikalala begani. Uji ule alikuwa hautaki kwa mwaka mzima, na mwaka mzima tulikuwa tukimnywesha.

Naomba niseme pia tulivyofanya kwa mikono, kwa sababu kishikwambi peke yake kisingetosha. Mkono wake unatikisika, akilenga picha moja anagusa tatu. Fundi seremala akatengeneza kibao cha kukilaza kishikwambi kwa mwinamo, kikakazwa kwenye kiti chake. Juu ya kioo tukaweka plastiki ngumu iliyotobolewa matundu, kila tundu juu ya picha moja, ili akiegemeza mkono kidole kiingie tundu moja tu. Tulianza na picha 4 kwa ukurasa. Leo anatumia 20. Picha zilezile nimezichapisha kwenye karatasi ngumu, zinaning'inia kwenye kiti, kwa siku ambazo umeme umekatika. Karatasi haiishi chaji.

Sasa niseme habari ya mkoa wetu, kwa sababu Tanga tuna historia katika jambo hili na nadhani tumeanza kuisahau. Kati ya mwaka 2017 na 2019, vishikwambi vilipelekwa katika vijiji vya mkoa huu, takriban vijiji 170, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Yalikuwa mashindano ya kimataifa, Global Learning XPRIZE, yaliyoendeshwa pamoja na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu. Timu tano kutoka nchi mbalimbali zilitengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na kila kijiji kilikuwa na mtu mzima wa kuviangalia. Kwa kipimo cha waandaaji, mwanzoni watoto zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ikapungua kwa nusu.

Mwezi Mei 2019 washindi wawili waligawana dola milioni 10. Mmoja ni onebillion ya London. Mwingine ni Kitkit School, na huyu ndiye ninayetaka mumsikie. Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na mama mmoja kutoka Korea Kusini, Sooinn Lee, pamoja na mumewe. Mama huyu alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta. Walipata mtoto mwenye mahitaji maalumu, na akaanza kutengeneza programu za kujifunzia ambazo mtoto kama wake angeweza kuzitumia: hatua ndogo ndogo, kosa lisilomwaibisha mtoto, nafasi ya kurudia bila kukemewa. Njia hiyohiyo ya kufundisha, iliyozaliwa kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu, ndiyo iliyokuja kuwafundisha kusoma watoto wa vijijini kwetu. Mwalimu mwenzangu unayedhani muda unaotumia kumtafutia njia mtoto mmoja mgumu kuelewa unawaibia wale wengine 60, litafakari hilo.

Lakini tusiseme kwamba kishikwambi kinamfaa kila mtoto kwa kipimo sawa. Majirani zetu wa Malawi walijaribu programu za onebillion kwa watoto wenye mahitaji maalumu, kwa Kichewa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham wakachapisha matokeo mwaka 2018. Watoto walijifunza hesabu, polepole kuliko wenzao, ila walijifunza. Waliokwama zaidi ni wenye matatizo ya kusikia na ya lugha. Mkikaa na programu yenyewe dakika tano mtaona sababu: maelekezo yote yanatolewa kwa sauti. Kiziwi akipewa kifaa kinachozungumza, tumempa redio.

Kwa mtoto kiziwi kishikwambi ni kamera kwanza. Mimi huwarekodi watoto wakubwa wakionesha alama ya kila neno tunalosoma, neno likiwa limeandikwa ubaoni nyuma yao, halafu wadogo wanatazama na kurudia. Na video hizo nawatumia akina mama kwenye simu. Kuna nyumba ambamo mtoto alifika darasa la tatu na mama yake anajua alama za "kula", "lala" na "njoo" tu. Mama anampenda mwanawe, ila hajawahi kusikia mwanawe ameota nini usiku. Mama mmoja wa aina hiyo sasa hivi anajua alama zaidi ya 100, amejifunzia kwenye simu akisubiri mandazi yaive.

Naja kwa wenye uoni hafifu. Hapa nina wanafunzi kadhaa wenye ualbino, na hapa ndipo kishikwambi kinapofanya kazi kubwa kwa jasho dogo. Mnafahamu hali ilivyo: mtoto anakaa dawati la mbele, bado haoni ubao, anasimama, anakwenda mpaka ubao unagusana na pua, anasoma maneno manne, anarudi kuandika, anasimama tena. Wenzake nyuma wanapiga kelele kwamba anawaziba. Baada ya muda anaacha kusimama. Tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu.

Kwa kishikwambi, anapiga picha ubao kutoka alipokaa, anakuza, anasoma. Basi. Hakuna programu ya kununua wala bando la intaneti. Ila kuna mambo mawili ambayo asiyekaa na watoto hawa hawezi kuyajua. La kwanza, mwanga unawaumiza. Kioo cheupe kinachong'aa kinawachosha macho, kwa hiyo ingieni kwenye mipangilio mgeuze rangi, maandishi yawe meupe na nyuma iwe nyeusi, na mwanga upunguzwe. Mtoto akae dirisha likiwa mgongoni au pembeni, lisiwe mbele ya macho yake, na angalieni lisimulike juu ya kioo. La pili, mtihani wa taifa unamjia kwenye karatasi yenye maandishi makubwa. Kwa hiyo lazima kila wiki asome na kuandika kwenye karatasi pia, asije akafika darasa la saba mkono hauijui kalamu.

Hilo la mwisho nalisema kwa uzito zaidi kwa wasioona kabisa. Nimesikia watu, tena wasomi, wakisema nukta nundu zimepitwa na wakati, kwamba siku hizi kishikwambi kinamsomea mtoto. Nakataa. Mtoto anayesikiliza tu hajui kama neno ni "ghali" au "gali". Hajui aya inaanzia wapi. Sisi tunaoona tulijifunza kusoma kwa kuyaona maneno. Yeye anayaona kwa ncha za vidole, kwa zile nukta 6 ambazo Louis Braille alizipanga akiwa kijana wa miaka 15. Kishikwambi kimsaidie kufikia vitabu ambavyo havijachapishwa kwa nukta nundu, na mashine yake ya kuandikia ibaki mezani.

Na hapo kwenye kusomewa kuna suala la lugha. Vishikwambi vingi tunavyopata ni vya Android, na ndani yake tayari kuna TalkBack, programu inayosoma kilichopo kwenye kioo kwa sauti. Walimu wengi wanaiwasha, inaanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, hakuna anayeelewa, wanaizima na kusema haifai. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti mchague Kiswahili. Sauti hiyo ipo. Haijawa nzuri kama ninavyotamani, mtoto atasikia mkazo mahali pasipo pake, lakini kwa siku chache sikio linazoea. Na mkituma notisi au mazoezi, yatumeni yakiwa maandishi yaliyochapwa. Ukipiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma hivyohivyo, mara nyingi mtoto asiyeona anafungua na kukuta kimya.

Wazazi wa watoto wenye usonji, ninyi nina deni kwenu. Miaka michache iliyopita nilipokea mtoto aliyekuwa hawezi kuvumilia kelele za mapumziko. Alipiga mayowe, alijing'ata mkono mpaka sugu. Nikampa kishikwambi chenye katuni. Akanyamaza. Darasa likapoa, nikapata kufundisha, nikampa na kesho yake, na keshokutwa, muhula mzima. Mwisho wa muhula alikuwa anajua kukiwasha, kuitafuta katuni yake na kuruka matangazo. Na maneno yake ya mdomoni, ambayo yalikuwa kama 20, yalikuwa yamepungua. Nilimpa kifaa kile kwa ajili ya utulivu wangu mwenyewe. Nilimwomba radhi mama yake, na leo narudia mbele yenu.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Tulipiga picha vitu vya siku yake: geti letu, mkeka wetu, jiko, bembea, bajaji inayomrudisha nyumbani. Ni vitu vyake halisi. Tukazipanga kwa mfuatano, na kila kazi ikiisha anaifuta mwenyewe kwa kidole. Anajua kinachofuata, na kengele haimshtui tena kama zamani kwa sababu picha yake ameiona kabla haijalia. Katuni zipo, dakika 10, na lazima mtu akae pembeni yake akimwuliza: huyu nani, anafanya nini, amekasirika au amefurahi? Maneno yamerudi, na yameongezeka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimesogea mpaka kwenye jambo lililonileta.

Nilifika katika shule moja, sitaitaja, nikaoneshwa vishikwambi 6 kabatini. Vimo kwenye maboksi, ngozi ya plastiki haijabanduliwa kwenye kioo. Kufuli mbili. Katika shule hiyohiyo kulikuwa na watoto 4 wanaokwenda kusoma ubao kwa pua. Mwalimu mkuu wa pale ni mtu mwema, anawapenda watoto, na aliniambia ukweli: "Mwalimu, nimesaini. Kikivunjika, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Nimemwelewa. Anayesaini ndiye anayebeba mzigo, na kabati ndilo mahali pekee ambapo kifaa hakivunjiki. Lakini tazameni kinachotokea kwa yule kijana wangu. Kishikwambi chake ni mali ya shule, na mali ya shule haitoki getini. Ijumaa saa nane akiaga, sauti yake inafungiwa kabatini. Jumamosi anakuwa bubu. Coastal wakicheza Jumapili, anakaa karibu na redio ya baba yake kimya kama zamani. Likizo ya Juni inapofika, ni wiki kwa wiki. Hivi kuna shule hapa inayompokonya mtoto kiti cha magurudumu Ijumaa mchana, ikamwambia atambae mpaka Jumatatu? Kwa mtoto huyu kishikwambi ni kiti cha magurudumu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na haki ya watoto hawa kusoma imo. Sitawachosha kwa vifungu. Ninachoomba ni waraka mfupi wa halmashauri wenye maneno ya kawaida kabisa. Useme kwamba kifaa cha mawasiliano cha mtoto kitaandikwa kwa jina lake na atakwenda nacho nyumbani. Useme kwamba kikivunjika katika matumizi ya halali, itaandikwa kuwa kimevunjika, kama dawati, na mwalimu hatadaiwa. Chaki ikiisha hatumkati mwalimu mshahara. Na bajeti ya shule iwe na fungu la matengenezo: kioo, chaja, betri. Betri hasa. Joto letu la pwani linaziua mapema, na ikianza kuvimba kifaa kiondolewe mikononi mwa mtoto siku hiyohiyo.

Kuhusu upungufu wa vifaa, walimu wenzangu, wengi wetu tulipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022. Tunavitumia kuandaa masomo na kujaza taarifa, na ni sawa. Lakini kuna vipindi vizima ambavyo kishikwambi kinalala kwenye pochi. Kipindi hicho kingeweza kuwa jicho la mtoto mmoja. Mimi changu kinakaa na msichana mwenye uoni hafifu kuanzia saa mbili mpaka saa nne, na nikirudishiwa nakuta ameniachia picha za ubao zilizonyooka kuliko ninavyozipiga mimi.

Wazazi, kwenu ni ombi moja. Mtoto akija na kifaa nyumbani, kisiwe cha dada kuangalizia tamthilia. Na kisichukuliwe kama adhabu. Mtoto anayezungumza akikosea humfungi mdomo kwa wiki nzima. Huyu naye usimfunge.

Nimetumia dakika zangu. Kijana niliyeanza naye yupo hapa, ndiye yule aliyevaa jezi, karibu na kaka yake. Ameandaa maneno ya kumwambia mgeni rasmi, ameyapanga mwenyewe tangu juzi, na mimi sijaambiwa ni nini. Anachukua muda kati ya neno na neno. Kidole kinaweza kuteleza akaanza upya. Mtaona mtu pembeni yenu ameshakisia neno linalokuja na anataka kumsaidia kulisema. Nawaomba, hata aliyekisia sawasawa, tunyamaze tumsubiri amalize mwenyewe.

Karibu, mwanangu. Kaka, msogezee kipaza sauti karibu na kishikwambi.